Ua Lililonyweshwa Soda

Mtaani walimwita Kreti, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mtunza stoo kwenye bohari ya soda. Siku zake zilipita katikati ya kreti zilizopangwa hadi karibu na dari, sakafu inayonata chini ya viatu na chupa zinazogongana kila mlango ukifunguliwa. Mikono yake ilinuka sukari hata siku ya mapumziko, na hakuona ubaya wowote. Ukimwambia soda inaharibu meno, alikukenulia yake uyakague. Ukimwambia inaleta kiungulia, alikuuliza wewe umekuwa daktari tangu lini.

Neno moja tu lilimshinda kulitamka, nalo ni "sijui." Muulize kwa nini paka akianguka hutua kwa miguu, au kwa nini mkate mkavu haukatiki kwa kisu kikali, jibu alikupa papo hapo, na kama hakuwa nalo, alilitunga huku ukimtazama, akaliapia. Watu wazima walishamzoea. Walimvika kilemba cha ukoka, wakaenda zao wakicheka. Lakini nyumbani alikuwa na msikilizaji mmoja aliyemeza kila neno lake bila kutafuna: binti yake wa pekee, msichana mwembamba mwenye magoti yenye makovu, ambaye yeye mwenyewe alimpachika jina la Kwanini. Tangu alipojifunza kuongea, mtoto yule hakupitisha saa bila kuuliza swali, na baba hakuwahi kumnyima jibu. Hiyo ndiyo iliyokuwa raha kubwa ya Kreti duniani, ingawa asingekubali kuisema.

Mama yake Kwanini alikuwa msusi. Sebule yao ndiyo ilikuwa saluni yake: kiti kirefu cha yeye kukalia, kibao cha chini cha mteja, kioo chenye ufa pembeni, na dirishani ua lake la kutambaa, lenye majani ya umbo la moyo, lililokuwa limeshafika kwenye pazia na sasa lilitaka kuzunguka saa ya ukutani. Siku Kwanini alipokuja na habari za maonyesho ya sayansi shuleni, ni ua hilo alilolikodolea macho.

"Mama, naomba nikate vitawi vinne," alisema. "Nitavipanda kwenye makopo. Kimoja nitakinywesha maji, kingine chai ya rangi iliyopoa, kingine maziwa, kingine soda. Nione kipi kitakua zaidi. Atakayefanya vizuri ataiwakilisha shule kwenye mashindano."

"Kata," mama alisema, midomo imebana uzi wa kusukia. "Lakini maziwa yasije yakaninukia wateja."

Kreti alitafuta makopo manne ya rangi, akayasafisha, akayatoboa chini kwa msumari. Alifanya kazi hiyo kwa madaha, maana sebuleni walikuwepo wateja wawili, mmoja kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, na Kreti alikuwa mtu wa kupenda watazamaji.

"Baba," Kwanini akauliza, kalamu mkononi, bango la manila limetandazwa sakafuni. "Mwalimu amesema kabla ya kuanza lazima tuandike tunachodhani. Lipi litakua zaidi?"

"Soda," Kreti alisema. "Wala usijiulize mara mbili."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu soda ina sukari, na sukari ni nguvu. Ua linalokunywa maji matupu ni kama mtu anayeshinda na maji matupu. Ataishi, ndiyo, lakini atabeba nini?"

Mteja mwenye nusu kichwa alicheka. Mke wa Kreti alitoa uzi mdomoni. "Mume wangu, ua si mteja wako. Usilipigie debe."

"Cheka, cheka," Kreti alisema. "Mtakuja kuniambia."

Kwanini hakucheka. Aliinama akaandika kwa herufi kubwa, polepole: Nadhani la soda litakua zaidi, kwa sababu baba yangu anajua soda.

Mwanzo mambo yalikwenda bila kishindo. Kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu, mtoto alichukua futi ya mama yake ya kupimia nguo, akapima vitawi, akachora kila jani kwenye bango. Ili asichanganye, kila kitawi alikitia alama kwa ukucha: alilichanja kidogo ukingoni jani la chini kabisa, la maji upande wa kushoto, la chai upande wa kulia, la maziwa kwenye ncha, na la soda mara mbili. Kreti hakujua habari za alama hizo. Yeye aliona majani tu.

La maji lilitoa jani jipya. La chai nalo likatoa, la kijani kilichokolea. La maziwa lilidumaa likaanza kunuka, na mama akalihamishia nje ya dirisha. La soda lilianza kwa kuvutia sisimizi. Kisha kingo za majani zikageuka manjano, kisha kahawia, na shina likalegea, likainama juu ya ukingo wa kopo.

"Baba, mbona linanyauka?"

"Linazoea," Kreti alijibu. "Hata wewe ukihamia nyumba mpya, siku za kwanza hulali vizuri."

Halikuzoea. Akasema tatizo ni gesi. Soda iachwe wazi kwanza gesi iishe. Kwanini akaiacha wazi. Halikupona. Akasema tatizo ni ubaridi, soda ipashwe jua. Kwanini akaipasha jua, na udongo ukazidi kunata na kunuka kama sakafu ya bohari. Mtoto alifanya kila alichoambiwa, lakini alianza kumtazama baba yake kwa namna ambayo Kreti hakuipenda. Haikuwa dharau. Angalau dharau angeigombeza. Mtoto alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake amevaa shati kinyume na hajui amwambieje.

Wateja nao wakapata la kusema. "Kreti, mgonjwa wako ameamkaje?" waliuliza kila alipopita sebuleni. Alicheka nao, lakini maneno yalimchoma.

"Mwambie mtoto ulikosea," mkewe alimwambia jikoni, kwa sauti ya chini. "Jambo dogo kabisa. Wala hatashangaa."

"Nimekosea wapi? Kazi haijaisha."

"Haya," mkewe alisema, akarudi kwenye kichwa cha mteja.

Ilikuwa wiki ya maonyesho. Mchana mmoja Kreti aliaga bohari akisema ana shida nyumbani, na kwa kweli hakudanganya sana. Pembeni ya barabara palikuwa na muuza maua aliyepanga miche yake kwenye mifuko myeusi ya plastiki, ile ya kuoteshea. Kreti aliona ua la kutambaa lenye majani ya umbo la moyo, limenona, linang'aa. Hakuuliza mengi. Alilifunga ndani ya koti lake la kazi, akatembea kwa haraka kama mwizi, na njia nzima alijiambia kwamba anamfanyia mtoto.

Mkewe alikuwa amekwenda kumsuka bibi harusi, mtoto shuleni. Kreti aling'oa kile kitawi cha soda, kikatoka bila ubishi, akakitupa nyuma ya tangi la maji. Alilichomeka ua jipya ndani ya kopo. Angeuchana ule mfuko, lakini alisikia lango la jirani likigongwa, akalitumbukiza na mfuko wake mzimamzima, akafunika juu kwa udongo wa zamani. Mwisho, kwa werevu aliojisifia, akamwagia soda kidogo ili linuke inavyotakiwa.

Kwanini aliporudi alisimama mbele ya dirisha bila kuvua mkoba.

"Limepona!" Kreti alisema kutoka kwenye kochi. "Si nilikwambia? Lilikuwa linajikusanyia nguvu."

Mtoto alinyoosha kidole, akagusa jani la chini kabisa. Alilipapasa ukingo wake taratibu, upande huu na upande ule. Kisha akasema, "Ndiyo, baba."

Basi. Mtoto aliyeitwa Kwanini hakuuliza kwa nini. Baba mwenye akili timamu angeshtuka hapo hapo. Kreti alishusha pumzi, akaongeza sauti ya redio.

Jioni ile mtoto alikaa karibu naye akichorachora. "Baba," alisema bila kuinua macho, "mwalimu alisema hata ua likifa si kosa. Alisema kinachotakiwa ni kusema kilichotokea."

"Mwalimu anawafariji wale ambao maua yao yatakufa," Kreti alisema. "Lako limepona. Lala mapema kesho upendeze."

Alisubiri mtoto acheke. Mtoto alikunja bango lake akaenda kulala.

Kwenye maonyesho madawati yalikuwa yamesogezwa ukutani, na kila mtoto alisimama nyuma ya kazi yake. Wazazi walijazana katikati, wakijipepea kwa karatasi. Kreti alivaa shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Mkewe alikuwa bado na bibi harusi wake, hivyo Kreti alikuja peke yake, na alikuwa ameshawaeleza wazazi watatu wasiomjua kwamba yule ni binti yake.

Mwalimu wa sayansi alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Alifika kwa Kwanini akasoma bango kwa sauti: "Nadhani la soda litakua zaidi, kwa sababu baba yangu anajua soda." Wazazi walicheka kwa wema. Kreti aliinua mkono kama mgombea aliyeitwa jukwaani.

Mwalimu alivaa miwani. Alitazama michoro, akatazama ua. Alitazama tena michoro, ile ya mwisho, ambayo shina lilikuwa limeinama na majani yamepakwa rangi ya kahawia.

"Hapa lilikuwa linakufa," alisema. "Wenzako walionywesha juisi na soda, yao yote yamenyauka. Hili limepataje nafuu?"

Mwalimu alishika shina kwa vidole viwili, kwa upole kabisa, akalivuta aone mizizi. Ua likainuka lote, na chini yake, mbele ya wote waliokuwepo, ukatokea mfuko mweusi wa plastiki, mzima, na udongo mwekundu wa muuza maua.

Kreti alihisi joto likimpanda kutoka kifuani hadi masikioni. Shati likamganda mgongoni.

"Hili ni ua jingine," mwalimu alisema. "Nani alilibadilisha?"

Hapo ndipo pa kusema. Kreti alijua ndipo. Mdomo wake ulifunguka hata. Lakini pembeni yake walikuwepo wale wazazi watatu, na mbele yake lile bango lenye maneno yale, akaufunga. Kwanini aligeuza kichwa akamtazama. Hakumtazama kwa muda mrefu. Alimtazama kiasi cha mtu anayempisha mwenzake mlangoni atangulie, na alipoona mwenzake hatoki, akatangulia yeye.

"Ni mimi, mwalimu."

"Wewe?"

"Ndiyo, mwalimu. Ni mimi."

Mwalimu alivua miwani. Alisema kazi ile hawezi kuipeleka kwenye mashindano, na kwamba kilichomuuma si ua. Alisema kesho Kwanini atasimama mbele ya darasa awaombe wenzake radhi, maana wao walileta maua yao yaliyokufa kama yalivyo. Kisha akaligeuza bango, likatazama ukuta.

Mzazi mmoja alimshika Kreti begani. "Pole, ndugu yangu. Watoto wa siku hizi!"

Na Kreti, Mungu amsamehe, alitikisa kichwa kwa masikitiko akajibu, "Asante. Ndio watoto."

Aliyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake. Aliona pia kwamba Kwanini, aliyekuwa akikusanya makopo hatua chache tu kutoka pale, ameyasikia.

Njiani mtoto alibeba kopo la maji na la chai, baba akabeba la maziwa. Kreti alianza sentensi mara kadhaa. "Unajua, mama..." alisema, na Kwanini aliitika, "Abee, baba," akangoja, naye akaishia kusema wavuke barabara kwa uangalifu.

Nyumbani mama alisikiliza habari yote akiwa amesimama, chanuo mkononi. "Wewe?" alimuuliza mtoto. "Wewe unayekuja kuniambia hata ukivunja kijiko?" Kwanini alitazama vidole vya miguu yake. Mama akamgeukia mumewe, akamkazia macho muda mrefu. Kreti akasema anakwenda kuangalia kama tangi linavuja.

Tangi halikuvuja. Alizunguka nyuma yake kwa sababu tu huko hakuna macho ya mtu, na huko akakiona. Kikombe kilichokatika mkono, kile ambacho mkewe alidhani kilishatupwa, kilikuwa kimewekwa kivulini juu ya tofali. Ndani yake kilisimama kitawi kilichonyauka, kimeegemezwa kwenye kijiti cha ufagio na kufungwa kwa uzi wa kusukia. Majani yalikuwa yameungua, lakini udongo ulikuwa safi na ulikuwa na unyevu. Mtu alikuwa amekinywesha maji asubuhi ile ile. Na jani la chini kabisa, ukingoni, lilikuwa na alama mbili ndogo za ukucha.

Kreti alichuchumaa pale. Alikumbuka kile kidole kikipapasa ukingo wa jani dirishani. Alikumbuka "Ndiyo, baba." Mtoto alijua tangu dakika ile, alijua kabla ya mwalimu, kabla ya wazazi wale, na alisimama mbele yao akajitwika kosa ili baba yake abaki na bango lake. Aibu aliyoiona darasani ilikuwa ya watu kumtazama. Hii ilikuwa nyingine. Nyuma ya tangi hakuwepo mtu, na bado alijifunika uso kwa viganja vyake vyenye harufu ya sukari.

Alitaka kuingia ndani aseme. Aliingia, akamkuta mtoto amelala na daftari kifuani, au amejifanya kulala, akatoka.

Asubuhi Kwanini aliondoka mapema bila kupima kitu. Kreti alivaa sare ya bohari na kukichukua kile kikombe. Mkewe alitoka na mswaki mdomoni, akaona alichoshika, akaelewa yote bila kuelezwa. Alitema povu pembeni.

"Nenda," alisema. "Kabla hajasimama."

Alimkuta ameshasimama. Kutoka mlangoni alimwona mbele ya darasa, mikono nyuma, magoti yake yenye makovu yamebanana. Kreti alipiga hodi.

"Karibu, mzazi," mwalimu alisema.

Hakukaribia sana. Alisimama pale ubaoni, kikombe mbele ya tumbo lake, na watoto darasa zima wakikodolea macho sare yake. "Ua la jana nililinunua mimi," alisema. "Nililibadilisha mimi. Lake la kweli ni hili. Nililitupa. Yeye hakufanya chochote. Nilimwambia soda italikuza, na sikujua lolote. Nilisema tu. Halafu nikamwacha aseme ni yeye."

Hakuna aliyecheka. Angependelea wacheke.

"Nafasi ya mashindano nimeshampa mwingine," mwalimu alisema. "Jina limeshapelekwa." Kreti aliitikia kwa kichwa. Kisha mwalimu, labda kwa mazoea tu ya kazi yake, akaligeukia darasa. "Kuna mwenye swali?"

Mkono mmoja ulinyooshwa, na haukutoka kwenye madawati. Ulikuwa wa Kwanini, pale pale pembeni ya baba yake, umenyooka juu kama wa mwanafunzi yeyote.

"Kwa nini hukusema jana?"

Majibu yalimjia, yalikuja mengi, tena mazuri. Kwamba alishtuka. Kwamba kulikuwa na kelele. Yote yalikuwa yamepangwa tayari kama kreti, alichotakiwa ni kuchagua tu.

"Niliona haya," alisema. "Nilitaka uendelee kuamini kwamba baba yako anajua."

Mtoto alishusha mkono. "Mimi nilijua kwamba hujui," alisema, si kwa ukali. "Nilijua tangu lilipoanza kunyauka. Nilikuwa nangoja uniambie."

Kreti hakuwa na pa kuweka macho. Kwanini alikichukua kikombe kutoka mikononi mwake, akakipeleka dirishani walipopanga wenzake maua yao, akakisogeza katikati ya lililonyweshwa juisi na lililonyweshwa maziwa.

"Litapona?" mwalimu aliuliza, na kwa kuwa alimtazama Kreti, watoto wote nao wakamtazama.

"Sijui," Kreti alisema.

Kwanini aliinama juu ya kikombe. Hakugeuka kumwangalia baba yake. Alikizungusha polepole hadi upande wenye majani yaliyoungua ukaelekea darasa, wenzake waone kilichotokea, kisha akarudi kwenye dawati lake akakaa. Kreti alibaki amesimama karibu na dirisha, pembeni ya ua lile, mpaka mwalimu alipomwambia anaweza kwenda.